Kaka Aliposema Mwageni

Sijui kama mimi ndiye wa kuandika haya. Shule niliishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nililimaliza nikiwa nimeshaanza kutoroka vipindi ili nikazibe pancha za watu. Lakini kila mvua za kwanza zinaponyesha hapa Songea nalikumbuka shamba la dada, nachukua kalamu, halafu naona aibu naiweka. Safari hii nimeamua kwenda mpaka mwisho. Nikimwonea mtu anisamehe. Nitajitahidi nisimwonee hata kaka.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipolegeza masharti yake. Mitumba ilikuwa imefurika mtaani kwetu Majengo, maduka yaliyokuwa ya ushirika yamekuwa ya watu, vyama vya siasa vimekuwa vingi na kila mmoja ana bendera yake juu ya mti. Mimi nilikuwa natengeneza baiskeli kwenye baraza ya fundi cherehani mmoja, Myao wa kutoka Tunduru, Mwislamu wa swala tano. Baraza ilikuwa yake, mimi alinipa kona tu, na kodi yangu ilikuwa kumsikiliza.

Kaka yangu mkubwa alikuwa katekista. Huku kwetu katekista tunamwita mwalimu, na kweli alifundisha: watoto wa komunyo ya kwanza, wachumba wanaotaka ndoa, wazee waliochelewa kubatizwa. Akitoka kufundisha alipita barazani, anakaa kwenye benchi, na hapo yeye na fundi wanaanza habari za serikali. Walikuwa watu wa dini wote wawili, wakali wote wawili, na nilidhani watu wa namna hiyo watakubaliana. Hawakukubaliana hata siku moja.

Kaka alikuwa na mfano wake. "Mungu ana mikono miwili hapa duniani," alisema. "Mmoja ni Kanisa, huo unabembeleza. Wa pili ni serikali, huo unachapa. Ukibembeleza tu bila kuchapa, mtoto anaharibika. Ndiyo haya tunayoyaona sasa. Ruksa, ruksa, ruksa. Saa tatu asubuhi mtu mzima amelewa, jembe limelala mlangoni."

Fundi hakuacha kukanyaga cherehani. "Mwalimu, mimi pombe ni haramu kwangu. Wallahi hata harufu yake siitaki. Lakini huo mkono wako wa kuchapa, ukishajua njia ya kuingia uani kwa watu, haupigi hodi tena. Leo utaingia kwa ajili ya pombe. Kesho utaniuliza nina wake wangapi."

"Kwani unao wangapi?"

"Umeona? Umeshaanza!"

Tukacheka. Kaka naye alicheka, alikuwa mtu wa kucheka, nisipoandika hivyo mtadhani alikuwa jiwe.

"Sasa kwako wewe serikali ifanye nini?" kaka aliuliza.

"Itengeneze barabara ya Tunduru. Ikamate wezi. Ikimaliza hayo ikapumzike. Ya nyumbani kwangu nitaulizwa na Mwenyezi Mungu, sitaulizwa na mtendaji wa kata."

"Na mtoto wa jirani akipigwa na baba mlevi, nalo hilo ni la nyumbani?"

Hapo fundi alikata uzi kwa meno. Nadhani kaka alikuwa amemshika. Mimi ugonjwa wangu ni kwamba nilikubaliana na yeyote aliyesema mwisho.

Lazima niseme pia kwamba kaka hakuichukia pombe kwa kusoma tu. Baba yetu alikunywa. Aliuza hata mabati yaliyonunuliwa kuezekea nyumba, tukakaa chini ya nyasi mpaka kaka alipokuwa mtu mzima akaezeka mwenyewe. Na mwaka huohuo ninaousimulia, mtu wa jumuiya yetu ya kanisa alilala barabarani akitoka kilabuni, lori la tumbaku likampitia. Kaka ndiye aliyeongoza maziko. Alirudi kutoka makaburini akiwa na udongo kwenye viatu, akasema, "Inatosha."

Sasa niseme habari ya dada.

Dada alikuwa ananitangulia mimi na kumfuata kaka. Mumewe alifariki, akarudi kuishi nasi uani kwa kaka akiwa na watoto wake. Marehemu aliacha shamba njia ya Peramiho, zuri, udongo mweusi, karibu na kijito. Ukoo wa mume ulikaa na wetu baada ya matanga, wakasema bila matusi: shamba ni la mama wa watoto maadamu analilima. Msimu utakaopita halina jembe, linarudi kwa ukoo. Kwetu hilo si jambo la ajabu. Ardhi iliyolala inahesabiwa imemkataa mwenyewe.

Dada hakuwa na mume wala ng'ombe wa kukokota plau, na watoto walikuwa wadogo. Alilima kama wajane wote wa huku wanavyolima: alipika ugimbi, pombe yetu ya mahindi na kimea cha ulezi, akaita watu. Jumamosi alfajiri wanakuja na majembe, wanalima wakiimba, wanashindana nani atamaliza mstari wake kwanza, na jua likishapanda wanakaa kivulini wanakunywa mpaka jioni. Huwezi kuwapa uji badala yake. Wala si suala la ulevi tu, ingawa walevi wapo. Ugimbi ndio unaosema kwamba umewaheshimu, kwamba ulikaa wiki nzima ukiwaandalia. Hivyo ndivyo lile shamba lilivyolimwa kila mwaka tangu mumewe alipokufa.

Baada ya maziko ya yule aliyekanyagwa na lori, kaka alikusanya wazee wa jumuiya, akamchukua na fundi, wakaenda kwa mtendaji wa kata. Mimi sikwenda. Fundi alinihadithia aliporudi, na kaka alinihadithia vilevile, kwa hiyo naamini ndivyo ilivyokuwa. Kaka alisema watu hawalimi kwa sababu ya pombe. Aliomba serikali ifunge vilabu asubuhi, hasa vile vya karibu na kanisa na shule. Fundi alisema yeye ameongozana nao kwa sababu ya yule marehemu, lakini angeomba mgambo wabaki nje ya nyua za watu. Mtendaji alikuwa kijana, ametoka chuoni karibuni, akafurahi sana kuona Wakristo na Waislamu wamekuja pamoja. Akasema atakwenda mbali zaidi ya walivyoomba.

Na akaenda kweli. Tangazo lilipita na kipaza sauti Majengo yote na vitongoji: tangu siku ile mpaka watu watakapomaliza kupanda, ni marufuku kupika pombe ya kienyeji, ya kuuza au isiyo ya kuuza. Wakati wa kilimo ni wa kilimo.

Kaka alisikiliza tangazo lile amesimama uani, mikono nyuma, kama mtu anayesikiliza Injili. Dada alikuwa anapepeta. Ungo ukasimama.

"Kaka," alisema, "sasa watakaokuja kunilimia watalimia nini?"

"Watalimia upendo."

"Upendo una kimea?"

"Usifanye mzaha na hayo, dada."

"Sifanyi mzaha. Nimeshaloweka ulezi. Umeshaota. Si wa kuuza, unajua. Ni wa shamba."

Kaka hakumwambia endelea, wala hakumwambia acha. Alisema tu, "Umesikia tangazo." Nimefikiri sana juu ya maneno hayo mawili. Kuna siku naona yalikuwa onyo. Kuna siku naona alikuwa anamwachia dada mzigo wa kuamua ili yeye asiwe na neno. Sijui. Dada aliyachukua kama ruhusa, akaendelea kupika, kwa kuwa mvua zilikuwa karibu na watu alishawaambia Jumamosi.

Siku mbili kabla ya hiyo Jumamosi walikuja mgambo. Mimi nilikuwa nyumbani, homa ilinirudisha mapema. Walikuwa wawili na nyuma yao mtendaji mwenyewe, amevaa suruali iliyopigwa pasi. Uani kwetu palikuwa na mitungi imefunikwa majani ya mgomba, na harufu ilikuwa haijifichi. Mmoja wa mgambo alikuwa mwanafunzi wa kaka wa zamani, kaka ndiye aliyemfundisha katekisimu. Alipoona ni kwa nani, alivua kofia.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba."

"Mwalimu, hii..." Akakuna kichwa. "Hii tumeambiwa ni ya dada. Ya kulimisha."

Mtendaji akaingilia kati, kwa adabu. "Mzee, sisi hatujaja kukutia aibu. Wewe ndiye uliyetusaidia kwenye jambo hili. Ukisema hii ni ya shughuli ya familia, sisi tunapita. Hatukuiona."

Dada alikuwa amesimama mlangoni na upawa mkononi. Alimtazama kaka tu. Nami nilimtazama kaka. Nakumbuka kuku mmoja alipita katikati yetu akidonoa machicha ya pombe, na nilitamani ageuke chui, lolote litokee, mradi kaka asitakiwe kujibu.

Kaka alisema, "Jana mmemwaga ya nani?"

Wakamtaja mama mmoja wa mtaa wa chini, mjane vilevile.

"Naye ilikuwa ya kulimisha?"

"Alisema hivyo."

"Basi mwageni," kaka alisema.

Wakamwaga. Yule mwanafunzi wake aliinamisha mtungi polepole, kama anayemlaza mgonjwa, akawa anasema "samahani mama, samahani mama." Mtungi mmoja ulipasuka. Ugimbi ukafuata mteremko mpaka kwenye shimo la taka. Dada aliingia ndani akafunga mlango, hakulia kwa sauti.

Nimesema sitamwonea mtu. Kama kaka angesema pita, kesho yake mjini kote wangesema sheria ya mwalimu inaishia mlangoni kwake, na yule mjane wa mtaa wa chini angekuwa na haki ya kumtemea mate. Kwa hiyo alikuwa na haki. Lakini dada naye hakuwa mlevi, hakuwa mwuza pombe, alikuwa anataka shamba lilimwe. Naye alikuwa na haki. Nimeyapima haya mawili miaka yote hii na mizani yangu haijawahi kulala upande mmoja.

Jumapili kaka alisimama baada ya ibada, akatangaza kwamba Jumamosi ijayo jumuiya itakwenda kulima shamba la mjane bila malipo na bila pombe. Alisema serikali imefanya sehemu yake, sasa ni zamu ya Kanisa. Alisema vizuri mno. Kuna mama alifuta machozi. Akauliza nani watakwenda, mikono ikapanda kanisa zima kama mahindi yaliyostawi.

Jumamosi tulijikuta kijitoni kaka, dada, mimi, na akina bibi wawili ambao hata mashamba yao walikuwa wanalimiwa na wajukuu. Tukasubiri umande ukauke. Tukasubiri tena. Halafu tukaona mtu anakuja na baiskeli, jembe limefungwa kwenye keria. Alikuwa fundi cherehani.

"Jumuiya ipo wapi?" aliuliza.

"Ndiyo hii," kaka alijibu.

Fundi akatutazama mmoja mmoja, akahesabu kwa macho, akaegemeza baiskeli. "Basi na mimi leo nimebatizwa," akasema. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kucheka.

Siwalaumu waliokosa. Mvua ilikuwa inanukia milimani, kila mtu ana shamba lake, na wenye wajane wao nyumbani walikuwa na ya kwao. Wengine waliniambia baadaye, waziwazi kabisa: "Ungekuwepo ugimbi tungekuja. Bila ugimbi ile ni kazi ya mwalimu, si kazi ya watu." Wala hawakuona wamefanya dhambi. Kwenye kazi ya ugimbi ukikosa, watu wanakuuliza ulikuwa wapi. Kwenye kazi ya upendo hakuna aliyeuliza.

Tulilima. Kaka alikuwa na ngiri inayomsumbua, kila baada ya tuta anasimama kushika kiuno. Fundi mikono yake ilizoea mkasi, malengelenge yalipasuka kabla ya jua kupanda, akafunga kiganja kwa leso.

"Mtani," dada alimwambia, maana sisi Wangoni na Wayao tunataniana, "jembe si sindano."

"Nimeona, mtani. Nguo inakatika, huu udongo wenu wa Kingoni unanikata mimi."

Hiyo ndiyo mara ya mwisho nilipomwona dada anacheka kwenye shamba lile. Mpaka jioni tulikuwa tumeinua matuta kwenye kona moja tu, ile ya kijitoni. Upande wote wa juu ulibaki majani. Wiki iliyofuata tulikwenda tena, kaka, dada na mimi, lakini mvua ilitukuta njiani, mvua kubwa ya kwanza, na baada ya hapo majani yaliota kwa kasi kuliko mikono yetu.

Shemeji yake dada, mdogo wa marehemu, alikuja ilipokuwa wazi kwamba msimu unapita shamba halijalimwa. Alikuja kwa heshima, na jogoo mkononi. Akamwamkia kaka, akakaa.

"Shemeji," alimwambia dada, "si kwa ubaya. Unajua tulivyosema kwenye matanga. Na mimi nina watoto, na nyasi zimefika kiunoni."

"Kona ya kijitoni nimelima," dada alisema.

"Nimeiona. Mmelima vizuri." Akainama. "Lakini shamba si kona."

Kaka aliomba apewe muda, akavaa koti lake la Jumapili, akaenda kwa mtendaji. Safari hii nilikwenda naye. Alieleza kwa utaratibu: mjane amezuiwa na tangazo la serikali, hakukataa kulima, basi serikali iseme neno kwa ukoo ule, msimu huu usihesabiwe. Niliona ni ombi la haki. Naliona hivyo mpaka leo.

Mtendaji alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya. "Mwalimu," alisema, "hilo ni la ukoo. Mambo ya nyumbani serikali haiingii."

Kaka alifunga kifungo cha koti. Kisha akasema, "Mliingia uani kwangu."

"Uliniita wewe."

Hakuna aliyepaza sauti. Mkabala na ofisi, ng'ambo ya barabara, kulikuwa na baa mpya imepakwa rangi ya bluu, makreti ya bia yanashushwa, muziki unalia, na haikuwa hata saa nne. Kaka aliionyesha kwa kidevu.

"Na ile?"

"Ile ina leseni."

"Marehemu wetu wa lori angelewa pale asingekanyagwa?"

"Mzee wangu, serikali haina dini. Ina leseni." Alisema kama mzaha, halafu nadhani alijutia, kwa sababu alinyanyuka akatusindikiza mpaka nje.

Barazani, fundi alipoona tunavyokuja hakuuliza. Nilidhani atasema nilikwambia. Alikuwa na haki ya kusema. Badala yake alimsogezea kaka benchi, akamwagiza chai. Kaka alishika kikombe mpaka kikapoa.

"Mkono ulifanya kazi yake," kaka alisema hatimaye. "Ulichapa. Ni huu wa kubembeleza ndio haukuwepo."

"Na ungekuwepo," fundi alisema polepole, "usingehitaji ule wa kuchapa."

"Ungehitaji. Yule wa lori hukumzika wewe."

"Kweli. Sikumzika mimi."

Tangu hapo waliongea habari za serikali mara chache, na kwa sauti ya chini.

Shemeji alilichukua shamba. Kwa kuwa mvua ilikuwa imeshaanza na hakuwa na wakati wa kulima lote, mahindi yake ya kwanza aliyapanda kwenye ile kona, juu ya matuta yetu. Nilipita na baiskeli nikayaona yameota, mistari imenyooka isipokuwa mitatu iliyopinda. Hiyo iliyopinda ilikuwa ya fundi.

Dada alikaa nasi mpaka mavuno ya watu wengine. Kisha akasema anakwenda Tunduru. Kipindi kile watu walikuwa wanamiminika huko kwa habari ya mawe ya vito, na penye wachimbaji panatakiwa mpishi. Kaka alimwambia Tunduru ile si mahali pa mama mwenye watoto, hakuna kanisa karibu, hakuna sheria, kila mtu anafanya atakalo.

"Hapa kulikuwa na kanisa na sheria, kaka," dada alisema. Hakusema kwa hasira. Alikuwa anafunga sufuria kwenye khanga.

Watoto wawili wakubwa alituachia, mdogo akaenda naye. Stendi kaka alimbariki, akamwekea alama ya msalaba kwenye paji la uso, na dada aliinamisha kichwa akapokea. Hilo naliandika kwa sababu watu walisema waliachana kwa ugomvi. Haikuwa hivyo. Basi lilikuwa limejaa magunia na wachimbaji wenye sururu, na yeye alipata nafasi nyuma kabisa. Salamu zilitufikia kwa miaka ya mwanzo, kwa wasafiri, kwamba anapika ugimbi huko na unapendwa. Baadaye wasafiri wakawa wanasema hawamjui.

Kaka amezeeka. Hafundishi tena, ila kwenye jumuiya bado anapewa kusoma maombi. Anaanza na viongozi wa serikali, wapewe hekima. Halafu wajane. Halafu walio safarini. Mpangilio haubadiliki. Hajawahi kuniambia kwamba alikosea, na mimi sijawahi kumwambia kwamba alikosea, kwa sababu sina hakika. Kila ombi likiisha, sisi wote tunaitikia. Wanaoitikia ni walewale walioinua mikono Jumapili ile, au watoto wao, na sauti zao ni nzuri, zinajaza chumba.